Ukuta wa Chumba cha Naila

Mama alinipigia simu nikiwa Kerege, juu ya ngazi, nafunga jipsamu kwenye dari ya mtu. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Simu niliibana kwa bega nikaendelea kukaza skrubu, maana Mama ana kawaida ya kupiga kuniuliza nimekula nini.

"Twalha, mzigo umefika."

"Mzigo gani, Mama?"

"Wa Naila."

Nikashuka ngazi. Nikakaa chini kwenye vumbi jeupe la jipsamu, na mwenye nyumba akanitazama kwa jicho la mtu anayedhani fundi ameanza uvivu. Nilimwacha anitazame.

Naila ni mdogo wangu. Alikuwa mdogo wangu. Ulimi bado unagoma. Alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani, na kabla mwaka haujakwisha tukaletewa habari kwamba ameanguka kutoka juu ya paa la nyumba ya tajiri wake, na kwamba wamekwisha kumzika huko huko. Tukamsalia sala ya ghaibu, tukasoma khitma, watu wakala wali wakatupa pole wakaondoka. Kaburi lake hatujaliona hata kwa picha.

Sasa, ndugu zetu walioko Omani hutuma mizigo kwa kontena, na kontena halina haraka. Naila alikuwa ametuma mzigo wake akiwa hai, mzima, anacheka. Yeye akafa, mzigo ukaendelea na safari.

Nilijua kilichomo. Alikwisha kumwambia Mama kwenye simu: "Mama, nakuletea TV kubwa, uache kwenda kuchungulia tamthilia kwa watu. Ila usiiweke juu ya meza kama bibi. Kaka aifunge ukutani."

"Njoo uifunge," Mama akasema.

"Kesho, Mama. Kesho asubuhi kabla ya chai nitakuwa hapo."

"Leo."

"Jua linakuchwa, Mama."

"Twalha. Leo."

Mama yangu, Bi Ashatu, akikuita jina lako tupu bila "mwanangu" wala "baba", mjadala umekwisha. Nikafunga drili, pimamaji na stendi ya ukutani nyuma ya pikipiki yangu, nikamwomba radhi mwenye dari, nikashika njia ya Bagamoyo.

Nyumba yetu iko Dunda, ya zamani, ya mawe na chokaa, imejengwa na watu waliotuzidi akili na waliotuachia nyufa. Nilimkuta Mama amekaa mkekani sebuleni na boksi limekwisha kupasuliwa. Mablanketi, maziwa ya unga, sabuni, chupa ya manukato, vyote alikuwa hajavigusa. TV tu ndiyo aliyoitoa, akaiegemeza kwenye kochi na kuifunika upande mmoja kwa mtandio wake, kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Nikatazama kuta. Ukuta wa mawe hauwezekani. Ukiugusa na drili unapukutika kama unga wa muhogo, na TV ya watu inaanguka usiku inakuachia kilio kingine. Ukabaki ukuta mmoja, wa jipsamu, unaoigawa sebule na chumba cha Naila. Huo niliujenga mimi mwenyewe, juma lile lile Naila aliloondoka. Mama alitaka. "Akirudi awe na chumba chake," aliniambia, "asirudi kulala na mimi kama mtoto." Nikaigawa sebule, nikaweka mlango, nikapaka rangi ya kijani aliyoipenda Naila. Mama akaweka kitanda na chandarua kipya, akatia kufuli. Hakuwahi kulala mtu mle.

"Hapa kati patafaa," nikasema.

"Weka kule pembeni. Karibu na mlango wa nje."

"Pembeni? Mama, utatazama tamthilia shingo imepinda? Waigizaji wenyewe watakuonea huruma."

Hakucheka. "Sitaki kati."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu. Weka nilipokuonyesha."

Akanyanyuka kwenda uani kutia udhu. Nami, kama ilivyo ada yangu, nikamwitikia vizuri na kufanya ninavyotaka. Fundi anajua pa kuweka kitu.

Jipsamu peke yake haibebi uzito. Ni kama biskuti. Kinachobeba ni mbao zilizosimama ndani ya ukuta, na ubao lazima uutafute. Unagonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Penye uwazi sauti hutoka pana. Penye ubao hutoka fupi. Kazi ndogo, na mimi nilizisimamisha mbao zile mwenyewe, nilijua kila mmoja ulipo.

Nikagonga. Pana. Nikasogea. Pana. Nikasogea. Fupi. Huo ubao wa kwanza, nikatia alama kwa penseli. Nikaendelea kuutafuta wa pili.

Katikati ya mbao hizo mbili, mahali panapotakiwa pawe patupu, sauti ikafa.

Haikuwa ya uwazi wala ya ubao. Ilikuwa nzito, laini, kama ya kugonga godoro. Nikagonga tena. Ile ile. Nikaweka sikio.

Kimya...

Muadhini wa magharibi akasafisha koo kwenye spika. Akaanza. Na chini ya adhana, karibu kabisa na sikio langu, ukuta ukagonga.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikaruka nyuma nikaikanyaga pimamaji yangu. Panya, nikajisemea. Nyumba ya zamani, panya wamo wa kila kabila. Lakini panya hagongi mara tatu akatulia akasubiri.

Nikaenda kwenye mlango wa chumba cha Naila. Kufuli lilikuwa mahali pake. Nikamulika kwa simu kwenye upenyo wa mlango: kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa juu, viatu vyake vya Idi vimepangwa chini ya dirisha. Hapakuwa na mtu. Wakati bado nachungulia, hodi ikapigwa tena, na safari hii nikaisikia vizuri ilikotoka. Haikutoka chumbani wala sebuleni. Ilitoka katikati, ndani ya unene wa ukuta, ambamo hata paka hawezi kugeuka.

Mimi nikiogopa huwa nakasirika. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikachukua drili, nikaweka ncha pale pale penye sauti nzito, nikabonyeza.

Jipsamu ikaachia mara moja. Kisha drili ikazama kwenye kitu, ikaguna, ikajinyonga, ikasimama. Nikaivuta. Ncha yake ilikuwa imejizungushia nyuzi nyekundu za kitambaa. Na kati ya nyuzi hizo kulikuwa na unywele. Mweusi, mrefu. Nikauvuta kidogo ukaja. Nikauvuta tena ukaja. Haukuwa na mwisho.

Harufu ikatoka kwenye tundu. Karafuu maiti. Anayeijua harufu ile amekwisha kuosha maiti wake. Haisahauliki, na hakuna aiwekaye nyumbani kwa starehe.

Nikaweka kidole kwenye tundu kuliziba. Ncha ya kidole ikapata ubaridi. Ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka...

Ukuta ulikuwa unapumua.

"Kaka," sauti ikanong'ona. "Unaniumiza."

Nilimjibu nini, sikumbuki. Nakumbuka drili ikianguka, na Mama akiingia mbio kutoka uani, maji ya udhu yanamdondoka viwikoni. Hakuniuliza nina nini. Aliangalia tundu.

"Umetoboa wapi? Twalha, umetoboa wapi, nilikwambia pembeni!" Akanisukuma, akaliziba tundu kwa kiganja, akabandika shavu ukutani. Sauti yake ikashuka ikawa ya kubembelezea. "Karibu, mama. Karibu mwanangu. Ndiye kaka yako huyo, hakujua. Karibu, ingia."

Ngo. Ngo. Ngo.

"Mama," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu khitma. Kila magharibi anabisha hodi."

"Nani anayebisha?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili. "Mdogo wako."

Nikakaa kwenye mkono wa kochi, kando ya TV. Mama akaendelea kuziba tundu. Alinieleza hivyo hivyo amesimama, akinong'ona, kama anayeficha asisikiwe na mwenye habari zake.

"Siku aliyoondoka aliinama kunibusu mkono. Akasema, Mama, nipe radhi. Mimi sikutaka aende, nikageuza uso. Ulikuwepo, ulimshikia begi."

Nilikuwepo. Niliona. Nilidhani ni hasira za kuagana, zitapoa. Na zilipoa, walizungumza kwenye simu, wakacheka, wakateta majirani. Radhi tu ndiyo ambayo haikutajwa tena.

"Nikaenda Kerege kwa Bi Hafidha, yule mganga," Mama akasema. "Usinitazame hivyo. Sikwenda kwa ubaya. Nilikwenda anirudishie mwanangu. Akaniambia nilete nywele za kichana chake na upande wa doti aliouacha. Mwingine alisafiri nao, amejifunga. Nikafunga mafundo saba, kila fundo namwita kwa jina langu: Naila binti Ashatu, rudi kwa mama yako. Nikaambiwa furushi lile niliweke chini ya mto. Ikija habari yake, ya heri au ya shari, nifungue."

"Ukaliweka ukutani."

"Ningelegea, Twalha! Angelia kidogo tu kwenye simu, angesema Mama, kazi yangu nzuri, niache nikae, ningefungua lote. Najijua. Nikataka liwe pahali nisipopafikia."

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimekwisha kupiga bodi za upande mmoja, nimebakiza huu wa sebuleni, mbao ziko wazi. Mama, ambaye siku zote huwakimbiza mafundi, akaniambia kwa upole niende msikitini kwanza kusali magharibi, kazi haikimbii. Niliporudi alikuwa amesimama kando ya ukuta na tochi. "Funga sasa," akasema. Nikapachika bodi. Katikati palikuwa pananisumbua, bodi inataka kutuna, nikaongeza skrubu mpaka ikatii.

"Na habari ilipokuja?" nikamwuliza. "Ya shari. Mbona hukuniambia nikutolee?"

Mama akazidi kuliegemea tundu. Kiganja chake kilikuwa kinatikisika, na si yeye aliyekuwa akikitikisa.

"Usiku wa khitma nilikaa hapa," akasema. "Nyote mmekwenda. Nikasikia hodi. Nani angeenda kutafuta bisibisi, Twalha? Mtoto amekufa, umeambiwa kafukiwa kwenye mchanga wa watu, halafu anakubishia hodi. Nani?"

Ngo. Ngo. Ngo. Ngo. Ngo.

"Unaona? Nikimwambia karibu anazidi. Haingii. Anabisha mpaka inapokaribia isha, analia, kisha kimya mpaka kesho. Nimemwachia mlango wazi. Nimemwachia dirisha. Haingii." Machozi yalikuwa yanamshuka na hana mkono wa kuyafuta. "Mwambie wewe. Labda wewe atakusikia."

Sikuwa naogopa tena. Naapa. Hofu iliniacha ikaja huruma, na huruma ile ilikuwa nzito kuliko hofu. Nikamwondoa Mama mkono taratibu. Nikaweka mdomo kwenye tundu, kwenye ile harufu.

"Naila."

Ukuta ukatulia.

"Naila, mimi Twalha. Unataka nini, mdogo wangu?"

Pumzi ikaingia. Ikatoka...

"Naomba ruhusa."

Kwetu mgeni hainuki akaondoka tu. Atasema, jamani, naomba ruhusa. Mwenye nyumba atajibu, mbona mapema, kaa kidogo, hata kahawa hujanywa. Watavutana hivyo kwa adabu, kisha ataruhusiwa. Asiporuhusiwa hukaa, hata kama amechelewa, hata kama amechoka. Naila alilelewa kwa adabu hiyo, na aliyemlea ni huyu huyu aliyekuwa akimwambia karibu.

"Mama," nikasema, "haombi kuingia. Anaaga."

"Mwongo."

"Umemsikia..."

"Nimemsikia! Mwongo wewe!" Akanipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, ngumi ndogo, za mtu aliyekwisha kuzeeka bila mimi kuona. "Sikumwosha! Sikumvika sanda! Sijui hata alilazwa na nani kaburini! Hiki kidogo nilichobakiza nacho unaninyang'anya?"

Nikamwacha anipige mpaka akachoka. Akaniegemea. Nilimshika, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile ifike nikamlilia mdogo wangu kwa sauti, maana msibani nilikuwa mwanamume wa kupanga viti na kupokea watu, na wanaume wa kupanga viti hawalii.

Kisu cha jipsamu kilikuwa mfukoni mwangu. Nikakitoa. Lakini sikukata. Uamuzi ule haukuwa wangu.

"Mama, useme wewe. Nikate, nisikate?"

Akatazama kisu. Akatazama ukuta. Ukuta ukanong'ona, na safari hii haikuwa sauti ya mzimu wala ya jini. Ilikuwa ni sauti ya Naila ya kila siku, ya mtoto aliyerudi kutoka shule na jua kali.

"Mama... nimechoka."

Mama akafumba macho.

"Kata," akasema.

Nilikata mraba, kutoka ubao hadi ubao. Bodi ikaachia nikaishusha sakafuni.

Kitambaa kilikuwa pale, kimebanwa katikati. Upande wa kanga yake nyekundu. Ndani ya ukuta mkavu, ambamo hata unyevu wa masika haufiki, kilikuwa kimelowa, kinadondoka maji. Na nywele... Mama alisema aliweka kiasi cha kujaa kiganja. Tulizozikuta zilikuwa zimeshuka kutoka kwenye kitambaa mpaka chini, zikajikunja, zikajaza sehemu yote ya chini ya ukuta. Nyeusi, zinang'aa, zinanukia mafuta yake.

Zilikuwa zimeendelea kuota.

Mama akapiga magoti. Akakitoa kitambaa kwa mikono miwili, akakipakata. Akaanza kufungua. Mafundo yalikuwa yamekaza. Mengine aliyafungua kwa meno. Sikumsaidia, na wala hakuniomba. Kila fundo lilipolegea, ndani ya ukuta mtu alishusha pumzi, kama anayetuliwa mzigo kichwani.

Likabaki moja.

Mama akalishika. Vidole vikasimama.

"Mbona mapema, mama," akasema polepole. "Kaa kidogo."

Ukuta haukujibu.

"Hata chai hujanywa. Kaka yako amekuja kukufungia TV yako. Kaa kidogo tu, uione inavyowaka..."

Akalia. Sijawahi kumsikia mtu akilia vile, hata siku ya habari yenyewe. Mwili wote ulilia. Nami nilisimama na kisu mkononi, bwege mkubwa, sijui nimshike yeye au nimshike aliyekuwa ukutani. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya isha ikaanza.

Mama akafuta uso kwa kanga iliyolowa.

"Naila binti Ashatu," akasema. "Nimekuridhia. Nimekuridhia duniani na akhera. Mimi ndiye niliyekosa, mwanangu, wewe hukukosa kitu. Haya. Ruhusa unayo."

Akafungua fundo la mwisho.

Hakukuwa na kishindo, wala taa hazikuzimika. Ile harufu tu ikasogea, ikatoka ukutani ikaja mpaka kwetu. Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa juu ya paja. Niliuona ukinyanyuka. Haukunyanyuliwa na yeye. Vidole vilikuwa vimelegea. Ulinyanyuka kidogo, ukakaa hewani, kisha ukarudishwa mahali pake kwa adabu. Nyuma ya kiganja pakabaki alama ya unyevu.

Harufu ikaisha. Tuliambulia harufu ya vumbi la jipsamu.

Kesho yake asubuhi tulizifunga nywele zote kwenye bafta nyeupe pamoja na ile kanga, tukazizika makaburini ubavuni mwa bibi. Sikumweleza mtu. Waliouliza niliwaambia ni nguo za marehemu. Kama tumekosea, Mungu ni mwingi wa kusamehe, lakini angalau Mama ana mahali pa kwenda Ijumaa na maji yake na maua.

Ukuta nikauziba. Nikaweka bodi mpya, nikapaka kijani, nikaifunga TV katikati, penye mbao mbili imara. Mama hakubisha. Siku za mwanzo hakuiwasha. Baadaye nikawa nikipita namkuta ameketi mkekani, anawatukana wanaume wa kwenye tamthilia. Amenenepa kidogo. Majirani wakasema, Bi Ashatu amerudi. Nami nikaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Jana Raya alinipigia kutoka Muscat.

Raya ni msichana wa hapa hapa Bagamoyo. Alikuwa akifanya kazi nyumba ya jirani na ya Naila, na ndiye aliyetupa habari za mwanzo. Tangu wakati ule alikuwa hapokei simu zetu. Nilikuwa sebuleni na Mama. Nilipoona ni yeye nikatoka barazani.

Aliniomba msamaha kwanza. Akasema hakuwa akituogopa sisi, alikuwa akiogopa kusema.

"Kaka Twalha, Naila hakuteleza," akasema.

Akaniambia Naila alifika Muscat mzima, anapenda kazi, watu wa nyumba ile wanampenda. Lakini haikupita muda akaanza. Kila ikiadhiniwa magharibi anaacha anachokifanya, anakwenda kuweka sikio ukutani. Anagonga. Ukimwuliza, anasema Mama yuko upande wa pili, ananiita. Mwanzoni wakamcheka. Halafu akawa anatoka nje ya geti magharibi hiyo hiyo, peku, anatembea, na mama wa nyumba ile anamkimbilia anamrudisha, anamsomea, analala naye chumba kimoja. Walikuwa wamekwisha kumkatia tiketi ya kurudi nyumbani.

"Siku ile tulikuwa tunaanua nguo, mimi juu ya paa letu na yeye juu ya lao," Raya akasema. "Adhana ikaanza. Nikamwona ameacha nguo. Akageuka upande wa huko kwenu Bagamoyo, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akaitika, nikamsikia kwa masikio yangu. Akasema, 'Abee, Mama!' Akaenda anatembea, akaupita ukingo wa paa. Hakukimbia, Kaka. Alitembea kama mtu anayevuka sebule."

Sijui nilikata simu au ilikatika.

Nilisimama barazani. Nilihesabu skrubu, Mungu anisamehe; nilikuwa nazihesabu zile nilizoongeza siku ile bodi ilipotaka kutuna. Watoto walikuwa wakipita na mikate kichwani, mtu akanisalimia nikamwitikia vizuri tu.

Niliporudi ndani Mama alikuwa amepunguza sauti ya TV.

"Alikuwa Raya?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimekusikia ukimtaja." Akajisogeza mkekani, akanipa nafasi ya kukaa. Hakuwa na wasiwasi wowote usoni. "Alikuwa naye siku za mwisho. Hebu niambie, Twalha, usinifiche. Naila alikuwa akinitaja huko?"

Nikamtazama mama yangu.

"Kila siku," nikasema. "Mpaka siku ya mwisho, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Uso wake ukafunguka wote. Akashika mashavu yangu kwa mikono miwili, akanibusu paji la uso, akajitupia mtandio na kutoka mbio kwenda kwa Bi Mwanajuma wa nyumba ya pili. Nilimsikia kupitia dirishani akimsimulia kwa furaha, anarudia rudia, kila siku, Mwanajuma, kila siku alikuwa akinitaja. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji yajae ndoo, ili akirudi asinisikie.